Simu ya zamani si aibu, ila angalia tarehe hii

Pita kwa fundi simu yeyote mjini Malindi au Kilifi uone anacholetewa: kioo kilichopasuka, betri iliyovimba, tundu la chaji lililoliwa na chumvi. Wateja hawaulizi simu mpya ni pesa ngapi. Wanauliza kama hii itapona.

Hawana makosa. Julai 2022 simu inayotoka nje ilianza kutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, juu ya VAT ya asilimia 16. Na simu ya mwaka huu inafanya nini kikubwa ambacho ya miaka 4 iliyopita haifanyi? Picha nzuri zaidi, basi. Mvuvi wa Mayungu anayefunga simu ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia baharini hana haja ya kamera tatu. Mwezi wa 5, kusi ikivuma na wageni wakiwa wachache, hizo pesa zina kazi nyingine.

Kwa hivyo kaa nayo. Lakini simu ina umri mwingine usioonekana kwa macho. Mtengenezaji hutuma masasisho ya usalama kwa muda fulani, kisha anaacha. Galaxy S24 ya 2024 iliahidiwa miaka 7. Simu nyingi za bei nafuu hupata michache tu. Baada ya hapo, tobo ambalo wezi wakiligundua halizibwi tena.

Ingia kwenye Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utafute tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa imepita miaka miwili, hamishia laini yako ya pesa kwenye kabambe. Menyu ya kutuma pesa inafanya kazi humo vizuri tu, nayo ile simu janja ibaki ya picha na video.

Na ukienda kwa fundi, toa laini kwanza. Akikwambia, "Mama, niachie namba ya kufungulia nijaribu tachi," mwambie utamsubiri, utafungua mwenyewe. Wengi wao ni waaminifu, lakini PIN haiachwi dukani.

Siku ukiiuza, ondoa akaunti yako ya Google halafu ufute kila kitu. Anayenunua naye abonyeze *#06# aone kama nambari inayotokea inalingana na ile ya kwenye boksi.