Maziwa ya Mama, Uji wa Mtoto na Amani ya Nyumba

Watu wa Bukavu hawahitaji kuelezwa bwaki ni nini. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinakuwa nyepesi na nyekundu, ngozi inabambuka, na hataki tena kucheza. Vitabu vya uganga vinauita ugonjwa huu kwashiorkor, neno la Ghana lililoletwa humo na Daktari Cicely Williams miaka ya 1930. Sisi tuna neno letu, na tangu 1965 mji wetu una shirika lililobeba jina hilo, Comité Anti-Bwaki. Kule Lwiro, katika Kabare, hospitali ya watoto imewatibu wagonjwa wa namna hiyo kwa miaka mingi.

Tunayakumbusha haya kwa sababu tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa pili 2025, familia nyingi zimehama, zimerudi na kuhama tena. Akina mama wanaolala chumba kimoja na familia ya wenyeji wanatuuliza maswali yale yale. Tujaribu kuyajibu.

Kwanza tufahamu bwaki inakuja lini. Kwa kawaida haimkamati mtoto wa miezi mitatu anayenyonya vizuri. Inakuja baada ya kuachishwa ziwa, mara nyingi mimba nyingine ikiingia, mtoto anapobaki na bugali wa muhogo na mchuzi mwembamba wa sombe. Kwa hiyo kuna kazi mbili: kulinda ziwa, na kutengeneza chakula kinachofuata.

Serikali iliunda Programu ya Taifa ya Lishe, PRONANUT, mwaka 2000. Mafundisho yake ni yale ya Shirika la Afya Duniani: mtoto anyonye katika saa ya kwanza, pamoja na yale maziwa ya manjano ambayo wazee wengine huyaona machafu, anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, kisha ale huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kazi hiyo imezaa kitu. Katika uchunguzi wa taifa wa 2007, watoto 36 kwa 100 wa chini ya miezi 6 walinyonya tu bila kitu kingine. Katika ule wa 2013-2014 walikuwa 48. Lakini uchunguzi huo wa pili ulionyesha pia kwamba hapa Kivu ya Kusini watoto 53 kwa 100 wa chini ya miaka 5 walikuwa wafupi kuliko umri wao. Katika nchi nzima walikuwa 43.

Mama wa Kongo hakatai kunyonyesha. Karibu wote wananyonyesha. Shida yetu ni maji. Mtoto analia, bibi anasema ana kiu, anapewa kijiko cha maji au cha tisani. Maziwa ya mama ni maji karibu sehemu tisa kwa kumi, hata wakati wa jua kali. Kile kijiko kinajaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, na ziwa nalo linatengeneza kidogo. Na maji hayo yanatoka wapi, katika mji ambamo kipindupindu hakiishi?

«Maziwa yangu yamekauka kwa woga.» Tunalisikia neno hili mno, na hatulicheki. Woga na huzuni vinaweza kuzuia maziwa yasitoke upesi, lakini havikaushi chemchemi yake. Mama akikaa mahali penye utulivu, akamweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi na kumnyonyesha mara nyingi, usiku na mchana, maziwa yanarudi. Mama aliyekonda naye anatoa maziwa, ila mwili wake unalipa deni hilo. Basi anayetaka kumsaidia mtoto mchanga amlishe mama yake.

Hapo tunafika kwenye makopo. Mtu mwenye moyo mwema analeta maziwa ya unga na kuyagawa mbele ya watu wote. Yanahitaji maji safi, makaa, chombo kilichochemshwa, na kopo jingine juma lijalo. Kopo likiisha, ziwa limekwisha kupungua. Kanuni ya kimataifa ya 1981 inakataza kutangaza maziwa hayo kwa wazazi. Viongozi, mkipokea mzigo kama huo, msiugawe. Upelekeni kwenye kituo cha afya. Yuko mtoto yatima asiye na mama wa kumnyonyesha, na muganga atajua la kufanya. Mama mwenye virusi vya ukimwi asiachishe kwa hofu: tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linakubali anyonyeshe huku yeye akinywa dawa zake na mtoto akipewa zake.

Baada ya miezi 6, uji wa masoso, yaani mahindi, mtama na soya, unafaa sana. Usiwe maji matupu, ushike kijiko. Tia karanga zilizosagwa, au sambaza zilizokaushwa na kutwangwa, au lengalenga na mafuta kidogo ya mawese. Soya ikiwa ghali, maharagwe yaliyopondwa yanasaidia.

Jambo moja linaleta ugomvi kuliko yote: msaada unaotolewa kwa wakimbizi peke yao, wakati mtoto wa mwenye nyumba amekonda kuliko wao. Utepe wa kupimia mkono hauulizi mtu ametoka wapi. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, na mtoto apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Kutoka 115 mpaka chini ya 125 ni manjano. Wakuu wa avenyu wawaombe wanaopima wapite nyumba zote. Na ile siagi ya karanga ya pakiti ni dawa ya mgonjwa. Haiuzwi, wala haigawanywi kwa ndugu zake, hasa kwa kuwa Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025 vituo vingi vilipungukiwa.

Kiongozi anayepanga zamu ya maji anaweza pia kumtanguliza kwenye foleni mama mwenye mtoto mchanga. Hilo halihitaji shirika wala pesa.