Bango la mradi wa teknolojia: jaji akisimama mita tatu asome nini?

Kwenye vipindi vyetu vya shule, swali moja linarudi kila msimu wa maonyesho, kutoka kwa wanafunzi na hata kwa wazazi wanaochangia gharama: kifaa kimekamilika, kinafanya kazi, sasa bango la kwenda nalo linatengenezwaje? Kueleza bango redioni ni kazi ngumu, kwa hiyo tumeliandika hapa ulisome taratibu kwenye simu yako.

Kwa shule za sekondari Tanzania, maonyesho yanayofahamika zaidi ni ya Young Scientists Tanzania, mpango ulioanzishwa mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland, ambako maonyesho ya wanasayansi chipukizi yamekuwepo tangu 1965. Kenya nao wana mashindano yao ya sayansi na uhandisi. Utaratibu unafanana: kifaa mezani, bango nyuma yake, wanafunzi pembeni, na majaji wanapita meza hadi meza. Jaji ana miradi mingi ya kuona siku hiyo. Kifaa kinaweza kugoma, umeme wa ukumbini unaweza kukatika, na msemaji wa kundi anaweza kupatwa na woga akasahau yote. Bango ndilo linalobaki likisema.

Tutumie mfano wa kujitungia. Tuseme wanafunzi wa kidato cha tatu wametengeneza mashine ya kutotoleshea vifaranga kwa boksi la mbao, balbu, kidhibiti joto, na betri inayochajiwa na sola. Mabango mengi ya mradi kama huu huanza hivi: "Kuku ni ndege anayefugwa sehemu nyingi duniani..." Kisha inafuata historia ya mashine za kutotolesha, imenakiliwa kutoka intaneti, nusu bango nzima. Jaji hakuja kusoma hayo. Amekuja kujua kitu ambacho wanafunzi hawa peke yao ndio wanakijua: kwenye boksi lao, kwa balbu yao, ilikuwaje?

Kichwa cha bango basi kiseme jambo. "Mashine ya kutotoleshea vifaranga" ni jina tu. Lakini "Je, balbu na sola vinaweza kutunza nyuzi joto 37.5 kwa siku 21?" ni swali, na mfugaji yeyote analielewa, maana yai la kuku linahitaji takriban joto hilo na siku hizo, tena ligeuzwe kila siku hadi kama siku ya 18. Chini ya kichwa weka tatizo kwa sentensi mbili, na jinsi kifaa kinavyofanya kazi kwa mchoro mmoja wenye mishale. Mchoro wa mkono unatosha, ilimradi kila sehemu imeandikwa jina lake.

Matokeo ndiyo yapewe nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 2019 Mmarekani Mike Morrison, akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, alipendekeza kwamba katikati ya bango liwekwe jambo moja kuu lililogunduliwa, kwa maandishi makubwa na lugha nyepesi. Wengine hawakulipenda wazo lake, lakini kwa shule zetu sisi tunaona linafaa. Kwenye mfano wetu, katikati pangeandikwa: "Mayai 60, vifaranga 41." Pembeni yake grafu moja ya joto lililopimwa asubuhi, mchana na usiku kwa siku zote 21.

Na yale mayai 19? Hapa ndipo walimu wengine huwaambia wanafunzi wayafiche, na hatukubaliani nao. Andika: mayai 7 hayakuwa na mbegu, tulipoyamulika siku ya saba hatukuona mishipa, 12 yaliharibika, na grafu inaonyesha usiku wa tisa betri iliisha, joto likashuka. Jaji akiona hivyo anajua mnapima kweli, na swali lake linalofuata litakuwa mtaongezaje uwezo wa betri. Hilo ni swali mnaloweza kulijibu. Bango lisilo na kasoro hata moja humfanya jaji ajiulize kama kazi ni ya wanafunzi au ni ya fundi wa mjini. Kama fundi alisaidia kuunganisha nyaya, mshukuruni pale chini kwa kusema alichofanya.

Sasa maandishi. Bandika bango ukutani, rudi nyuma hatua nne. Kichwa na ile sentensi ya katikati visomeke ukiwa hapo. Herufi za kichwa zikiwa na urefu wa sentimita 3 hivi, ni salama. Maelezo mengine yasomeke kwa mtu aliyesimama mita moja na nusu. Yasiposomeka, usipunguze herufi, punguza maneno. Rangi ya njano kwenye karatasi nyeupe haionekani. Nyekundu na kijani kwenye grafu moja pia ni shida, kwa sababu wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayazitofautishi.

Kuchapisha bango kubwa kunaweza kula hela ya betri. Kuna njia ya bei nafuu: karatasi nane za A4, zikipangwa mistari miwili ya nne nne zikiwa zimesimama, zinatoa ukubwa wa A1 kamili, yaani sentimita 84 kwa 59. Chapisha kila karatasi kwenye duka la fotokopi, kisha zigandishe juu ya manila. Ukikosea takwimu moja, unabadilisha karatasi moja tu. Ila kabla ya yote waulizeni waandaaji nafasi ya bango ina upana gani.

Picha mlizopiga kwa simu, zikitumwa WhatsApp kama picha za kawaida, hupunguzwa ubora na zikikuzwa zinatoka na ukungu. Zitumeni kama faili, au pelekeni simu yenyewe dukani. Ikiwa mtu anaonekana usoni kwenye picha, aombwe ruhusa kwanza.

Kuhusu lugha, waulizeni waandaaji mapema, maana sekondari nyingi huandika miradi kwa Kiingereza. Hata hivyo anzeni kwa Kiswahili. Msomee bibi anayefuga kuku ile sentensi ya katikati. Asipoielewa, si kosa la bibi, na kuitafsiri hakutaisaidia.

Siku ya safari msilikunje bango. Lizungusheni, maandishi yakiwa nje ili likifunguliwa lisijikunjie mbele, mlitie kwenye kipande cha bomba la plastiki na kuziba ncha zote mbili kwa nailoni. Mvua ikiwakuta stendi, litabaki kavu. Daftari la vipimo vya kila siku nalo libebwe mkononi, lisiwekwe juu ya basi, kwa sababu majaji wataliomba.