Askari hukamata anachoulizwa

Mchukue askari wa doria kata ya Tingi, wilayani Nyasa. Amemsimamisha kijana wa bodaboda aliyepakia abiria mishikaki, tena hana kofia ngumu. Anaweza kumwonya, kumwandikia faini au kumpeleka kituoni. Atachagua lipi? Kosa lina uzito wake, lakini kuna jambo jingine: mkubwa wake atamuuliza nini akirudi.

Mwaka 1996 na 1997 watafiti wa Marekani walifuatana na askari wa doria na masajenti wao kazini, katika miji ya Indianapolis na St. Petersburg. Robin Engel, aliyechambua taarifa hizo, aliwagawa wasimamizi katika makundi manne: wanaodai ukamataji na makaratasi, wanaosisitiza kushirikiana na wananchi, wanaowakingia kifua askari wao, na wanaoingia kazini wenyewe. Ungetarajia kundi la kwanza liongoze kwa kujaza mahabusu. Haikuwa hivyo. Aina ya msimamizi haikubadili uwezekano wa mtu kukamatwa. Kilichouongeza ni msimamizi kuwepo kwenye tukio. Tena askari wa kundi la nne ndio waliokuwa wepesi zaidi kutumia nguvu. Kwa hiyo bosi kufika eneo la tukio si dawa peke yake. Inategemea amefika kutafuta nini.

Huku kwetu tatizo huwa kinyume: bosi yuko mbali. Kamanda wa mkoa yuko Songea, makao ya wilaya yako Mbamba Bay, na mkaguzi wa polisi wa kata mara nyingi yuko peke yake na wananchi wake. Mkubwa asiyeona tukio huona ripoti. Ripoti ikiwa na safu moja tu, ya idadi ya waliokamatwa, askari ataijaza safu hiyo. New York walilipitia hili: mwaka 1994 polisi walianza kuwahoji wakuu wa vituo kwa takwimu, na mwaka 2013 mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba usimamishaji na upekuzi wa watu mitaani, jinsi ulivyokuwa ukifanywa, ulivunja katiba. Shinikizo la namba kutoka juu lilikuwa sehemu ya kesi hiyo.

Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, imemweka mkuu wa kituo mlangoni kama chujio. Aliyekamatwa bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana, na kwa makosa yasiyo mazito mkuu wa kituo ana mamlaka ya kumpa dhamana. Mkuu anayepitia kitabu cha mahabusu kila asubuhi na kuuliza, "Huyu amekamatwa kwa kosa gani, aliambiwa sababu, ushahidi uko wapi?" hahitaji semina kubadili tabia za askari wake. Asiyeuliza amewaachia wajiamulie.

Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliwasilisha ripoti yake Julai 2023, na ukamataji ulikuwa miongoni mwa yaliyolalamikiwa na wananchi. Mageuzi ya ukamataji yataanzia gwaride la asubuhi, mkuu akiuliza si idadi ya waliokamatwa tu bali pia kesi ngapi zilisimama mahakamani, na nani aliachiwa kwa onyo na kwa nini.

Nawe, ndugu yako akikamatwa, muulizie mkuu wa kituo. Uamuzi wa dhamana pale kituoni ni wake, na dhamana ni bure.