Mgeni Huyu Apewe Jembe

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kambi ya Dadaab ilianzishwa mwaka wa 1991, na ile ya Kakuma 1992, lakini wakimbizi wengi hadi leo hawajakabidhiwa jembe hilo. Wanategemea mgao wa chakula, na hawatoki kambini bila kibali. Mwalimu mkimbizi hufunza darasa lililofurika, ilhali halipwi mshahara bali posho iitwayo motisha, iliyo duni mno kuliko ujira wa mwenzake Mkenya.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka wa 2021 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi aliyohitimu. Hata hivyo, haki bila kibali ni maandishi matupu. Walimu wenzangu, tutamlaumuje mgeni kwa kula bure, ilhali jembe tumelificha sisi?