Makonyo na Karafuu katika Nambari Moja

Mwanachama apelekapo karafuu zake kituoni hana haja ya kujua kuwa zao lake lina nambari. Lakini nambari hiyo ipo, nayo huandikwa katika makaratasi ya forodha karibu ulimwenguni kote: 0907. Kahawa ni 0901, na ndizi ni 0803. Tumeona yafaa tueleze khabari ya nambari hizi, maana siku hizi kompyuta ndizo zinazozishughulikia, na wako wadhanio kuwa kompyuta ikiingia basi hesabu zote huwa sawa.

Asili yake ni hii. Mataifa yalitaka kulinganisha hesabu zao, na hesabu hazilinganishwi kama kila nchi ina mafungu yake. Umoja wa Mataifa ulitoa orodha ya shughuli za uchumi mwaka 1948. Orodha ya bidhaa inayotumika forodhani ilianza tarehe 1 Januari 1988, nayo hutengenezwa upya kila baada ya miaka kadha. Kwa orodha hiyo karani wa Mombasa na karani wa Muscat, kila mmoja aandikapo 0907, wanasema kitu kimoja.

Tusijitazame wenyewe tu. Natuchukue mfano wa mbali na bahari: Bugene, katika Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera. Huko mkarafuu haupo, lakini mkulima wake ana taabu iliyo ndugu ya yetu. Katika kibanja chake, kilichoizunguka nyumba, migomba na mibuni imesimama pamoja na maharage yako chini yake. Ndizi ni chakula, kahawa ni fedha. Sasa aulizwe kazi yake, naye ajibu, “Mkulima.” Karani amtie wapi? Katika orodha ya shughuli, kilimo cha kahawa ni 0127 na cha ndizi ni 0122 (chetu cha karafuu ni 0128). Katika orodha ya kazi za watu, mwenye miti ya mazao ya kuuza ni 6112, achanganyaye mimea namna mbalimbali ya kuuza ni 6114, na alimaye kwa chakula cha nyumbani ni 6310. Kanuni ya orodha ya shughuli ni kutazama ile iletayo thamani kubwa zaidi, lakini neno “mkulima” peke yake halisemi hata moja katika hayo.

Katika sensa ya mwaka 2012 majibu yaliandikwa katika karatasi. Katika ile ya tarehe 23 Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, makarani walichukua vishikwambi. Faida yake kubwa: chombo chaweza kukataa jibu lisilowezekana papo hapo, wakati mwenye nyumba angali mbele ya karani. Tena sasa kompyuta hufundishwa kupanga mafungu yenyewe. Hupewa maelfu ya majibu yaliyokwisha kutiwa nambari na watu, ikajifunza kukisia nambari ya jibu jipya. Jambo zuri, ila hujua maneno iliyofundishwa tu. Iliyofundishwa kwa Kiingereza cha nchi nyingine haitajua kuchambua karafuu ni nini, wala kibanja ni nini.

Orodha ikibadilika, kompyuta hugeuza nambari za zamani kuwa mpya kwa jedwali la ulinganifu, kazi ambayo zamani ilimchosha karani kwa miezi. Lakini tazama yaliyotupata. Mpaka 2011 karafuu zote zilikuwa 0907.00. Tangu 2012 karafuu zisizosagwa ni 0907.10 na zilizosagwa ni 0907.20. Mtu akitaka kujua karafuu zilizosagwa zilikuwa tani ngapi mwaka 2010, kompyuta haiwezi kumjibu kwa nambari hizo. Kilichochanganywa siku ya kuandika hakitengwi baadaye kwa mashine.

Na mchanganyiko mkubwa zaidi ungalipo. Maneno ya 0907 yasema: matunda mazima, karafuu na makonyo. Basi gunia la makonyo na gunia la karafuu safi, zilizoanikwa vema juani, huingia 0907.10 pamoja! Kila mwanachama ajua tofauti ya bei zake. Mnunuzi wa ng'ambo agawapo fedha kwa uzito hupata bei ambayo si ya hiki wala ya kile. Mafuta ya makonyo, kama yale ya kiwanda cha Wawi, Pemba, huingia 3301.29 pamoja na ya mchaichai na ya mkaratusi. Kahawa ya Bugene nayo ina lake: tarakimu sita za dunia hazitengi robusta na arabika.

Dawa ipo. Baada ya tarakimu sita kila nchi yaruhusiwa kuongeza zake, na Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia nane. Kuyatenga makonyo kwaweza kufanywa hapa kwetu, bila ya kungoja orodha mpya ya dunia itakayoanza tarehe 1 Januari 2028. Twaona chama kina haki ya kuliomba jambo hilo.

Kwa upande wa wanachama, karani akija, msimjibu “nashughulika na karafuu.” Mwenye shamba ni 6112, na mchumaji alipwaye kwa pishi ni 9211. Semeni zao, semeni kama shamba ni lenu au mwafanya kazi ya ujira, na semeni kama mwauza au mwala nyumbani.