Mtoto wa Mbali, Mtoto wa Jirani
Mfululizo wa Maadili, Sehemu ya Tatu

Wiki mbili zilizopita tulimtazama Jeremy Bentham kama mtunzi wa sheria: mtu aliyetaka magereza, mahakama na adhabu zipimwe kwa furaha zinazoleta na maumivu zinayoyaondoa. Leo nauliza jambo lililo karibu zaidi nasi. Kipimo hicho kikitoka bungeni kikaingia sebuleni, mtu mmoja akaamua kuishi kwacho, kitamtaka nini?

Kwanza kitamtaka ahesabu kwa haki. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1789, Bentham alisema tendo lipimwe kwa wote linaowagusa; kwa kipimo hicho, maumivu ya mmoja hayapewi uzito kuliko ya mwingine kwa sababu ya cheo tu. Mfalme anahesabiwa mara moja, mfagizi naye mara moja. Wengi wetu tutaliafiki hilo upesi. Ugumu unaanza tunapotambua kwamba mama yako naye anahesabiwa mara moja, na mtoto wako vilevile.

Mwanafalsafa William Godwin hakuogopa kulitamka. Mwaka 1793 aliwapa Waingereza mfano huu: nyumba inaungua, ndani yumo Fénelon, askofu mkuu na mwandishi, pamoja na mtumishi wa kike, na nafasi iliyopo ni ya kumwokoa mmoja tu. Godwin akajibu kwamba aokolewe Fénelon, maana vitabu vyake vitawafaa maelfu, hata kama mtumishi yule ni mama yako mzazi. Watu walichukizwa mno. Katika toleo lililofuata la kitabu chake alimgeuza mtumishi akawa mwanamume, na mama akawa baba, lakini hoja yenyewe aliiacha palepale.

Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, alilirudisha suala hili kwa sura nyingine mwaka 1972. Mamilioni ya watu wa Bengali ya Mashariki walikuwa wamekimbilia India, wakiwa na njaa na bila makazi. Singer akauliza: ukipita kando ya bwawa ukaona mtoto anazama, utamwacha kwa kuhofia nguo zako kuloa? Kama sivyo, umbali wa maelfu ya kilomita unabadilisha nini? Kutokana na fikra za namna hii, mwaka 2009 kule Oxford kilianzishwa chama cha watu wanaoahidi kutoa angalau asilimia 10 ya kipato chao kwa misaada iliyothibitika kufaa zaidi. Sehemu ya fedha za watoaji wa aina hii hununua vyandarua vinavyogawiwa Kongo na Uganda. Nyingine huwafikia wanavijiji wa Kenya moja kwa moja, kwa M-Pesa.

Hapa msomaji wa Kiswahili anasoma hoja akiwa upande wa pili wa bwawa. Mtoto ambaye Singer anamwita wa mbali, kwetu ni wa jirani, na pengine ni wa dada yako. Mfanyakazi wa Kisumu au Mwanza hahitaji mwanafalsafa wa kumfundisha kutoa. Mshahara ukiingia, simu zinaanza: karo, msiba, shangazi mgonjwa wa figo anayesafishwa damu, mchango wa harusi. Je, Bentham angemwambia awaache ndugu zake akanunue vyandarua vya watoto asiowajua?

Jibu ninaloliamini zaidi linatoka kwa John Stuart Mill, na alilifikia kwa maumivu. Baba yake, rafiki wa Bentham, alimlea awe mtetezi wa falsafa hii. Alianza kusoma Kigiriki akiwa na miaka 3. Mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alijiuliza: mageuzi yote unayoyapigania yakitimia leo, utafurahi? Moyo ukajibu hapana. Akaishi miezi mingi katika giza. Kilichoanza kumtoa ni machozi aliyomwaga akisoma kumbukumbu za mwandishi Mfaransa Marmontel, kuhusu kifo cha baba. Baadaye yakamsaidia mashairi ya Mwingereza Wordsworth. Akahitimisha kwamba furaha humjia mtu aliyeelekeza macho yake kwenye kitu kingine: kazi, sanaa, mtu anayempenda. Kipimo hakukitupa. Aliacha kudhani kwamba lazima kiwe mawazoni kila saa. Katika maandishi yake ya mwaka 1861 alieleza kwamba mara nyingi inamtosha mtu mwema kuwafikiria wale wachache tendo lake linaowagusa, mradi asivunje haki za wengine.

Kwa hiyo kumlipia shangazi matibabu si upendeleo wa kuonea aibu. Wewe unamjua, unajua dawa gani imekosekana, na usipotoa wewe huenda hakuna mwingine. Ila kipimo hichohicho kinageuka kuwa kikali kwenye kamati ya harusi. Mtu anaahidi laki mbili kwenye kadi ya mchango, kwa sababu jina lake litasomwa, na mwezi huohuo anashindwa kulipia bima ya afya ya wazazi wake. Fedha zinakwenda kwenye ukumbi, mapambo na vinywaji vya usiku mmoja. Sidharau furaha ya harusi. Nayo ni furaha, na Bentham angeihesabu. Nasema tu kwamba tumezoea kutoiweka kwenye mizani pamoja na figo za shangazi, na desturi isiyowekwa kwenye mizani inaumiza watu bila yeyote kuwa amekusudia.

Kuna hatari upande wa pili. Mweka hazina wa kikoba anapigiwa simu usiku: mtoto wa jirani anahitaji upasuaji. Fedha za wanachama ziko kwake, hakuna anayezihitaji hadi mwisho wa mwezi. Hesabu ya harakaharaka inamwambia achukue. Hesabu kamili inajumuisha wanawake ishirini wanaoweka akiba pale kwa sababu tu wanaamini haiguswi, na watakaoacha kuweka wakisikia iliguswa, hata kwa wema. Mill angeiweka imani hiyo kwenye mizani pia, na ingekuwa nzito. Mweka hazina ana simu mkononi. Awaamshe wenzake, awaombe.

Mwanafalsafa Bernard Williams hatatosheka hata na jibu hili. Yeye anaona kuna nyakati ambapo kupima kwenyewe ndilo kosa, kama mume anayetafuta sababu kabla ya kumwokoa mkewe anayezama. Hoja yake inahitaji nafasi ya kutosha, na tutampa juma lijalo.