Kompyuta na Mambo ya Ghafula

Wengi hudhani kwamba kompyuta hufuata amri moja baada ya moja, kama mtu asomaye kitabu toka mwanzo hata mwisho. Sivyo sikuzote. Kompyuta ya ndege au ya chombo cha angani hujiwa na mambo yasiyobisha hodi, na kila jambo lina muda wake wa kujibiwa. Jibu sahihi likichelewa, halifai kitu.

Nitatoa mfano wa karani wa shule. Anapiga chapa barua, mara simu inalia, mara analetewa mtoto aliyezimia. Bila shaka ataacha barua na simu, amshughulikie mtoto. Kompyuta haina busara hiyo. Hapana budi mtungaji wa programu aipangie mapema. Katika lugha kama Ada, na Java ya wakati halisi, yeye huliwekea kila tukio mtumishi wake, na kila mtumishi humpa daraja.

Lakini madaraja peke yake hayatoshi. Tarehe 4 Julai, 1997, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua katika sayari ya Mirihi. Baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya, na kazi za siku zikaahirishwa. Sababu ilikuwa hii: kazi ndogo ya kukusanya habari za hali ya hewa ilishika ufunguo uliotakiwa na kazi kubwa. Kabla haijaurudisha, kazi za kati ziliinyang'anya zamu. Basi mkubwa akamngoja mdogo, na mdogo akazuiwa na wa kati. Programu ilipoona kazi kubwa haikumalizika kwa wakati, iliiwasha kompyuta upya.

Mafundi waliigiza hali hiyo hapa duniani katika kompyuta ya namna ile ile, wakaiona kasoro. Dawa ilikuwamo tayari, ila haikuwashwa: mwenye ufunguo aazimwe daraja la yule anayemngoja, mpaka aurudishe. Walipeleka badiliko hilo Mirihi, na matatizo yakakoma.

Wanafunzi wenzangu mnaojifunza kutunga programu, msiulize tu, "Nani mkubwa?" Ulizeni pia, "Mkubwa huyu anamngoja nani?"